Mtoto Asiyesema Karibu

Kuku alichinjwa kabla turubai halijafungwa sawasawa, kwa sababu Embuas alisema kuku aliye hai kambini ni mgeni anayekula bila kufanya kazi. Yeye mwenyewe hakuwa amefanya kazi yoyote tangu washuke mtumbwini. Alikaa juu ya jiwe, miguu majini, akitoa amri kama bwana harusi.

"Shemeji, mwanzi huo hapana," alimwambia Lunsa. "Umezeeka huo. Ukiugonga unalia kama debe tupu. Kata wa kijani, wenye maji yake ndani."

"Nilijua kuchagua mwanzi kabla wewe hujajua kunawa uso, Embuas."

"Sawa, lakini wewe ni mtu wa mto mwingine. Kwenu mnatia tangawizi mpaka kuku anapiga chafya."

"Anapiga chafya akiwa amekwisha kufa?"

"Ndiyo maana nasema inazidi."

Lunsa alicheka, akaukata mwanzi uleule aliokuwa ameutolea macho tangu mwanzo, wa kijani, mnene kama mguu wa mtoto. Hakumchukia shemeji yake. Embuas alikuwa mtu wa maneno mengi na ubaya kidogo, na katika ukoo mzima wa mumewe ndiye pekee aliyemtania. Wengine walimstahi tu, na kustahiwa na wakwe kunachosha.

Mumewe, Sanggau, alikuwa ameingia msituni kutafuta kuni. Sanggau alikuwa mjane alipomwoa, sikukuu ya mavuno iliyopita, na alikuja na binti mmoja, Mengan, wa darasa la tano. Tangu hapo wote watatu walikuwa wakiishi mjini Kapit, vyumba viwili nyuma ya duka ambako Lunsa alishona nguo za watu. Sasa likizo ya Sanggau ilikuwa inakwisha. Kazi yake ilikuwa baharini, kwenye mitambo ya mafuta, na safari hii asingerudi upesi. Swali lilikuwa moja: Mengan abaki na nani?

Bibi yake mtoto, huko kwenye nyumba ndefu ya ukoo, upande wa juu wa mto, alikuwa amekwisha tandika mkeka. Shule nayo haikuwa mbali. Sanggau alikuwa ameliweka jambo hilo mbele ya mkewe kwa upole, kisirisiri, kama anayepima kitambaa asichotaka kununua.

"Twende tukapige kambi," alisema. "Mpike pamoja, mle pamoja, niwaone. Nikiona bado hajakuzoea, nampeleka kwa mama. Si kwamba sikuamini, Lunsa."

Watu husema "si kwamba sikuamini" pale ambapo hawana uhakika, na Lunsa alilijua hilo. Hakubishana. Alimtaka mtoto yule, alimtaka mpaka akajiogopa, na hakujua hata kulieleza vizuri. Si kwa huruma ya yatima wala si kwa kumridhisha mume. Alipenda tu jinsi Mengan alivyokuwa akikaa chini ya meza ya cherehani akipanga vifungo kwa rangi, akinong'ona navyo. Angeondoka, meza ile ingekuwa meza tu.

Na mtoto hakuwa na adabu mbaya. Alisalimu, aliosha vyombo, alivaa magauni aliyoshonewa na kuyazungusha mbele ya kioo. Jambo lilikuwa moja: hakusema karibu.

Nani asiyesema karibu? Kwenye mito ile, watu wakiwa wanakula na mtu akapita mlangoni, hata awe anadaiwa, hata awe mwizi wa kuku huyohuyo anayeliwa, ataitwa: njoo ule. Mengan aliziba mdomo. Jirani akibisha hodi kuomba pasi, mtoto alikuwa ameshaingiza sahani uvunguni kabla mlango haujafunguliwa. Mtu akiwa anavaa viatu aondoke, Mengan alifunika sufuria na kukaa mbele yake kama anayelinda hazina. Watu walisema ni uchoyo. Bibi yake mwenyewe alisema, "Mjukuu wangu ana mkono wa birika, sijui kautoa wapi." Na Lunsa, tangu aolewe, hakuwa amewahi hata siku moja kurudi kutoka sokoni akamkuta mtoto anakula, akaambiwa neno lile. Kila mara jambo hilo lilimchoma. Alijisemea: nimekaa katika nyumba hii, lakini mwenye nyumba hajanikaribisha.

Ila Lunsa alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni udadisi. Hawezi kuona uzi umening'inia kwenye upindo wa nguo ya mtu, hata kanisani, bila kutaka kujua unatokea wapi. Na huu uchoyo wa Mengan ulikuwa na uzi unaoning'inia. Mbona penseli zake aligawa? Mbona mwavuli aliwaachia wenzake akarudi amelowa? Hata biskuti alitoa, ila kwa namna yake: alikuja kimya akakutia mkononi, tena ukiwa umekaa, umetulia, huna safari. Mchoyo gani huyo anayechagua saa?

"Mengan," aliita sasa. "Njoo tupige mchaichai."

Mtoto alikuja na jiwe lake. Waliketi kwenye kokoto, mmoja huku na mwingine kule, wakaponda mchaichai na tangawizi mpaka harufu ikawawasha pua. Lunsa alimkatakata kuku, mifupa kwa nyama, akatia chumvi. Mengan aliyakunja majani ya muhogo kwa ustadi mkubwa kuliko umri wake.

"Haya, jaza," Lunsa alisema. "Majani kidogo, nyama, majani tena. Usishindilie, mvuke utakosa pa kupita."

Mengan alijaza. Alikuwa akifikiri jambo, ilionekana kwenye midomo yake.

"Mama mdogo, kuku akiwa bado mbichi, ni chakula?"

"Ni chakula kitakachokuwa."

"Lakini mtu akitajiwa, inahesabika?"

Lunsa aliacha kufunga mdomo wa mwanzi. Alielewa mara moja mtoto anauliza nini. Kila mtu wa mito ile anaijua puni. Ukitajiwa chakula ukaondoka bila kukionja, au angalau kukigusa kwa kidole na kujipaka kooni, umejiachia mlango wazi: nyoka, jiti la kuanguka, mamba, maji. Wazee wanaiogopa, vijana wanaicheka, na wote wanagusa.

"Sijawahi kulifikiria," alijibu, na ni kweli, na sasa alikuwa analifikiria kwa raha. "Bibi yangu alisema mpaka kiwe kimeiva. Babu yangu alisema hata kikiwa bado kinatembea bandani. Waligombana juu ya hilo miaka na miaka."

"Nani alishinda?"

"Bibi. Babu alichoka."

Mengan hakucheka. "Na mtu akiambiwa kwa mbali? Injini inanguruma, labda hakusikia vizuri?"

"Aliambiwa nini?"

"Mtu tu. Nauliza."

"Nani huyo?"

"Nauliza tu, mama mdogo," mtoto alisema, akainamia majani yake.

Lunsa aliuma ulimi. Uzi huu ukiuvuta kwa pupa unakatika. Alisimamisha mwanzi juu ya moto, akauegemeza kwenye mti aliouweka mlalo, ulale kidogo usimwage. Pembeni aliinjika sufuria ya wali. Wakakaa wakiugeuza mwanzi polepole, na maji ya mwanzi yenyewe yakaanza kuchemka ndani, yakigugumia.

Embuas alipoisikia sauti ile aliinuka, akajinyoosha. "Nakwenda kutazama wavu niliotega nyuma ya kona. Nikikaa hapa nitaanza kula moto."

Mengan alisimama haraka. Lunsa alimwona, na safari hii alimtazama kwa makusudi. Mtoto aliutazama mwanzi, akamtazama baba yake mdogo anavyousukuma mtumbwi majini, akajisogeza katikati ya hao wawili na kupanua gauni lake kwa mikono miwili, kana kwamba kuku angefichika. Embuas alipanda, akavuta kamba ya mashine mara kadhaa, ikawaka. Mtumbwi uliingia mkondoni.

Hapo ndipo Sanggau alipotokea na mzigo wa kuni begani. "We Embuas!" alipaza sauti. "Unakwenda wapi? Kuku anakaribia kuiva!"

"Nitamla nikirudi!" Embuas alijibu, akipunga mkono.

"Hakuna kuku!" Mengan alipiga kelele. Sauti yake ilipasuka. "Hakuna chakula! Baba mdogo, hakuna chakula chochote! Baba amekosea!"

Embuas alicheka, hakusikia, au alisikia akadhani ni utani. Mashine iliunguruma zaidi, mtumbwi ukakata kona.

"Mengan!" Sanggau aliutupa mzigo chini. "Uchoyo gani huu sasa? Kuku huyo hapo, unamnyima mdogo wangu mbele ya macho yangu?"

Mtoto hakumsikia baba yake. Aliuvamia moto, akaukwapua mwanzi kwa upindo wa gauni na kukimbilia mtoni. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Mvuke ulikuwa unafuka usoni mwake, majani ya mdomoni yamechomoka, mchuzi unamwagikia mkono, na bado anakwenda, akiita, "Gusa! Baba mdogo, rudi uguse!"

Lunsa hakukumbuka baadaye alivyofika majini. Alimshika mtoto kiunoni, akamvuta nyuma, akautazama uso ule. Haukuwa uso wa mchoyo. Ulikuwa uso wa mtu anayeona jambo kwa mara ya pili.

"Lete," alisema.

"Atakufa, mama mdogo!"

"Lete hapa. Wewe miguu yako mifupi. Mto unazunguka, mimi nakatiza. Nitamkuta kwenye wavu. Lete!"

Mengan aliuachia mwanzi. Lunsa aliufunga kwa kanga yake ya begani na kuingia msituni mbio. Hakuwa mwanamke wa mbio. Alikuwa mwanamke wa kukaa kwenye kiti na kukanyaga cherehani, na kile kipande cha msitu katikati ya kona kilikuwa na matope, miiba na mizizi ya kila namna. Kandambili moja ilibaki kwenye tope, ya pili akaitupa mwenyewe kwa hasira. Mchuzi wa moto ulimchoma kifundo cha mkono. Njiani alijiuliza: hivi mimi naamini? Akajijibu kuwa hajui, na kwamba swali hilo lingengoja.

Alipotokea upande wa pili, Embuas alikuwa amezima mashine, ameinama juu ya wavu. Aliinua kichwa akamwona shemeji yake peku, nywele zimesimama, mikononi amebeba mwanzi unaofuka moshi.

"Shemeji! Nani kafa?"

"Gusa!"

"Nini?"

"Gusa kuku, Embuas! Njoo hapa ukingoni uguse!"

"Umekimbia msitu mzima kwa…" Alitaka kucheka, akautazama uso wake, akaahirisha. Aliusogeza mtumbwi, akaingiza kidole kwenye mdomo wa mwanzi, akakitoa haraka akikipuliza, akajipaka kooni. Kisha akakilamba. "Haya. Bado mbichi. Na chumvi haitoshi."

"Nyoko," alisema Lunsa, ambaye hakuwa na kawaida ya kutukana, akageuka kurudi alikotoka.

Kambini, Mengan alikuwa bado amesimama mtoni. Baba yake alikuwa amemshika bega, amechanganyikiwa, anauliza lile swali la uchoyo kwa mara ya kumi na haoni linakomwelekeza.

"Amegusa," Lunsa alisema kabla hajafika. "Amegusa, akajipaka kooni. Mpaka amelalamika chumvi."

Mtoto alikaa palepale ndani ya maji, akalia. Alilia kwa sauti kubwa, bila haya, kama mtoto mdogo sana. Sanggau alimtazama mkewe. Lunsa alimtazama Sanggau.

"Baba Mengan, mwanzi umepasuka. Nenda kakate mwingine."

"Mbona naona haujapasuka?"

"Utapasuka. Nenda."

Sanggau alikuwa na kasoro zake, lakini kungoja kuambiwa mara tatu haikuwa mojawapo. Alichukua panga akaondoka.

Lunsa alimtoa mtoto majini, akamfunga kanga kavu, akamweka karibu na moto. Hakumwuliza kitu. Aliuchunguza mwanzi: kuku alikuwamo, mchuzi nusu. Aliongeza maji kidogo, akamsogezea Mengan majani mapya ya muhogo.

"Ziba tena mdomo."

Vidole vya mtoto vilianza kukunja majani, na vidole vikiwa na kazi mdomo hulegea. Fundi yeyote wa nguo anajua hivyo, maana wateja humwambia siri zao zote akiwa amewashika kiuno na futi ya kupimia.

"Nilimwambia mama," Mengan alisema.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia wali umeiva." Alikunja jani lingine. "Bibi alikuwa kwenye shamba la pilipili manga. Nilipika peke yangu. Ulikuwa wali wangu wa kwanza. Mama alikuwa anakwenda mjini na mtumbwi wa watu, walikuwa wanamwita, mashine imeshawaka. Nikasema, mama, wali umeiva, karibu ule. Akasema, nitakula nikirudi."

Lunsa aligeuza mwanzi. Alikuwa anaijua habari ya Jelia, mke wa kwanza. Kila mtu aliijua. Mtumbwi uligonga gogo kwenye maporomoko, na katika wote waliokuwamo ni yeye mmoja aliyepotea. Hakuna aliyeijua habari ya wali.

"Hukumwambia mtu?"

"Ningemwambia nani? Ni mimi niliyemwita. Ningenyamaza asingekuwa ameitwa. Asiyeitwa hapati puni."

Basi ndiyo hiyo. Miaka yote hiyo mtoto huyu amefunika masufuria ili watu wasife. Lunsa alitaka kumkumbatia na kumwambia ni upuuzi, mambo ya kale, usiyaamini. Lakini muda si mrefu uliopita alikuwa amekimbia msituni peku kwa ajili ya upuuzi huohuo, kwa hiyo maneno hayo yasingekuwa na nguvu. Akafanya kile alichokijua zaidi. Aliuliza.

"Wali wenyewe ulikuwaje?"

Mengan alishangaa. "Ulikuwaje vipi?"

"Wa kwanza wangu mimi ulikuwa uji juu, mkaa chini. Wako?"

"Ulikuwa… ulimwagika. Povu lilifurika likazima moto nusu. Mfuniko ulikuwa unarukaruka."

"Mama aliuona?"

"Alikuja mbio kutoka mlangoni, mzigo kichwani. Alisema, Mengan, unapika wali au unafua nguo? Akafunua."

"Akafunua kwa kitambaa?"

"Kwa mkono. Akaungua, akasema ai."

"Kisha?"

"Akacheka."

"Akacheka tu, akaenda?"

"Walikuwa wanamwita." Mtoto alikunja uso, akijaribu kuona vizuri. "Akacheka, akanipaka puani. Akasema, mpishi mkuu. Akaenda."

Lunsa aliacha kuugeuza mwanzi.

"Alikupaka nini puani, Mengan?"

"Alinipaka tu. Na kidole."

"Kidole kilikuwa na nini?"

Moto ulilia. Mengan alikuwa ameinua mkono wake mwenyewe mpaka kwenye pua, hakujua kama ameuinua.

"Povu," alisema.

"Povu la nini?"

Mtoto alitazama kidole chake, akautazama uso wa Lunsa, akarudi tena kwenye kidole.

"La wali," alisema. "Ulikuwa wa moto. Nilijifuta na nikamkasirikia." Kisha, polepole: "Kwa hiyo aligusa."

"Mimi sikuwepo. Uliyekuwepo ni wewe. Aligusa?"

"Aligusa." Alilisema tena kwa nguvu, kama anayemjibu mtu wa ng'ambo. "Aligusa!"

Lunsa alidhani yamekwisha, akaanza hata kufuta macho. Lakini Mengan alikuwa bado anafikiri.

"Sasa, kama aligusa, mbona alikufa?"

Hapo Lunsa hakuwa na ujanja wala swali la kuuliza. "Gogo, mwanangu," alisema. "Mto ulikuwa umejaa na gogo lilikuwa chini ya maji. Hakuna aliyeliona. Hakuna aliyelileta. Na mimi sijui kwa nini mtu mwema anakutana na gogo. Ningejua ningekuambia."

Mengan aliegemea ubavuni mwake. Nyuma ya turubai Sanggau alikuwa amesimama na mwanzi mpya begani. Aliyasikia yote. Aliuweka chini taratibu, akaenda mtoni kunawa uso, na alinawa muda mrefu sana kwa mtu mwenye uso mmoja.

Embuas aliporudi na samaki wawili wembamba, mwanzi ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia na harufu ya mchaichai imejaa ukingo wote. Lunsa alitandaza majani ya ndizi kwenye kokoto. Sanggau aliuinamisha mwanzi, akaugonga, na kuku akateremka na mchuzi wake, majani ya muhogo yamelainika, mvuke mweupe ukapanda. Wali ulikuwa tayari. Jua lilikuwa bado juu ya miti.

"Chumvi sasa imekaa," alisema Embuas. "Ni kile kidole changu."

Ndipo ukasikika mngurumo wa mashine. Mtumbwi mrefu ulikuwa unapanda mto, umejaa watu wanaotoka harusini: wanawake na miavuli, wazee wawili, watoto, gunia la kitu fulani, na mbwa amesimama mbele kama nahodha. Hawakuwa watu wanaojulikana. Walipunga mikono tu, wapite.

Mengan aliinuka. Alipanda juu ya jiwe la Embuas, akaweka mikono mdomoni.

"Karibuni chakula!"

Sanggau alibaki na mwanzi mtupu mkononi.

"Karibuni!" Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilifika. "Kuku yupo! Wali upo! Karibuni mle!"

"Mungu wangu," alisema Embuas, "mtumbwi mzima!"

Mashine ilipunguza mwendo. Watu wa mtumbwini walitazamana. Walikuwa wameshiba harusini, walikuwa na haraka, lakini wameitwa, na walioitwa hawana la kufanya. Mtumbwi ukageuka. Wakashuka mmoja mmoja, wakiomba radhi, wakipangusa vidole kwenye nguo, na Mengan akiwa katikati yao na jani la ndizi mikononi, anampa kila mtu, anamsubiri, anamtazama mpaka aguse. Kikongwe mmoja aligusa paja, akalitafakari, akasema, "Naona nimegusa vibaya," akaligusa tena, akaenda nalo. Watu wakaangua kicheko. Mzee mwingine akatoa chupa ya pombe ya mchele aliyoificha asiione mkewe. Mtoto mchanga alipakwa mchuzi kooni na mama yake. Hata mbwa alipelekewa.

"Huyu binti wenu mkarimu," mwanamke mmoja alimwambia Lunsa wakati wa kuaga. "Umemlea vizuri."

Lunsa alifungua mdomo aseme ukweli, akaona ukweli ni mrefu, akasema asante.

Mtumbwi ulipoondoka, juu ya majani kulikuwa na wali kidogo, majani ya muhogo, bawa moja na shingo. Embuas aliitazama shingo ile kwa masikitiko.

"Na kesho tunampeleka kwa mama saa ngapi?" alimwuliza kaka yake. "Niweke mafuta mapema."

Sanggau alikuwa anamtazama Mengan, aliyeichukua shingo na sehemu yote ya wali iliyobaki, akaziweka kwenye jani safi, akazipeleka kwa Lunsa kwa mikono miwili.

"Karibu chakula, mama mdogo."

Lunsa hakutaka kuwamalizia wenzake. Alinyoosha kidole, akaigusa shingo, akajipaka kooni kama ilivyo adabu. "Nimegusa. Mpe baba yako."

Mengan hakuondoka. Alichutama mbele yake, akalisogeza jani mpaka likagusa magoti ya Lunsa.

"Wanaogusa ni wanaoondoka," alisema. "Wewe kula."

Sanggau alikohoa. "Mafuta weka ya kutosha kurudi Kapit," alimwambia mdogo wake. "Kwa mama tutapita kumsalimu tu."

Lunsa alikula wali, akala majani ya muhogo, akaifyonza shingo mpaka mfupa wa mwisho, huku mtoto akimtazama na kuhakikisha hakibaki kitu.